Paneli ya sampuli: tununue spea, tusinunue udogo

Kiwanda cha Nairobi kikiamua kununua analaiza ya gesi, yaani kifaa kinachopima kilichomo ndani ya gesi, mkutano wa bajeti huzungumzia kisanduku chenye skrini. Kina jina, kina cheti, kina dhamana. Mabomba, vichujio, regyuleta za kushusha presha na vali zinazokiletea kisanduku hicho gesi ya kupima huandikwa mstari mmoja mwishoni mwa tenda: "vifaa vya ufungaji". Kisha kwa miaka inayofuata fundi wa zamu huamshwa usiku kwa ajili ya mstari ule mmoja. Skrini inaonyesha gesi iliyopita dakika nane zilizopita, au inaonyesha hewa ya nje iliyopenya kwenye kiungio, au gesi iliyoacha nusu ya kile kinachotafutwa ndani ya matone ya maji kwenye kichujio. Analaiza yenyewe haina kasoro. Inapima sawasawa kile inacholetewa.

Kwa hiyo ni jambo jema kwamba mifumo ya sampuli ya moduli, ambamo vifaa hufungwa kwa skrubu juu ya bao badala ya kuungwa kwa mabomba, imeanza kutajwa hapa kwetu, kuanzia Industrial Area hadi Thika na Athi River. Naiunga mkono. Lakini naiunga mkono kwa sababu ambayo vipeperushi vya wauzaji huipitia haraka. Wao husema paneli yenye vifaa hivyo vya sampuli inakuwa ndogo, sampuli inafika upesi, viungio vinapungua. Faida ya kweli kwa kiwanda cha Nairobi ni kwamba kifaa kilichoharibika kinang'olewa na kurudishwa na fundi wa kiwanda mwenyewe, kwa spea iliyoko stoo, bila kukunja bomba hata moja. Hilo lisiponunuliwa kwa makusudi, tutabaki na paneli ndogo na ghali yenye matatizo yaleyale.

Asili ya mfumo huu ni Marekani. Karibu mwaka 2000, watumiaji na watengenezaji wa vifaa vya upimaji walikutana chini ya CPAC, kituo cha utafiti wa upimaji viwandani katika Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, wakaanzisha mpango ulioitwa NeSSI (New Sampling/Sensor Initiative). Wazo walilichota kwenye viwanda vya chipu za kompyuta, ambako vali na regyuleta zilikuwa tayari zinafungwa juu ya bao lenye njia za gesi ndani yake badala ya kuungwa kwa bomba. Mwaka 2002 ikatoka stendadi ya ANSI/ISA-76.00.02, na mwaka 2006 ikafuata ya kimataifa, IEC 62339-1. Kiini chake ni kipimo kimoja: kila kifaa kinakalia mraba wa inchi 1.5, yaani milimita 38.1 kila upande, matundu ya gesi na ya skrubu yakiwa mahali palepale. Vali ya kampuni moja inakaa pale ilipokuwa vali ya kampuni nyingine.

Hapo pana jambo ambalo mnunuzi analazimika kulijua kabla ya kutia sahihi. Stendadi inahusu uso ambao kifaa kinakalia. Njia za gesi zilizo chini ya uso huo, yaani bao la msingi na vipitisho vyake, kila mtengenezaji ana namna yake, na cha huyu hakiingii kwa yule. Kiwanda chenye analaiza nne kikinunua mabao ya kampuni tatu tofauti kitakuwa kimeitupa faida yenyewe. Chagua aina moja ya bao kwa kiwanda kizima, kisha vali na regyuleta za juu ndizo uzishindanishe kwa bei.

Tazama kazi yenyewe kwa karibu. Regyuleta imeanza kupanda presha polepole hata mtiririko ukifungwa. Kiti chake kimekwaruzwa na chembe ya uchafu. Kwenye paneli ya mabomba, regyuleta hiyo imeshikwa pande mbili na mabomba magumu ya robo inchi. Kuitoa ni kulegeza nati mbili, na mara nyingi nati za majirani pia ili bomba lipate nafasi ya kusogea. Kila kiungio kilicholegezwa ni kiungio cha kupimwa upya. Regyuleta mpya ikiwa ndefu kwa milimita 6 kuliko ya zamani, bomba haliingii tena, na anatafutwa mtu mwenye mkono mzuri wa kukunja bomba la chuma cha pua. Watu hao wapo Nairobi, lakini hawapatikani saa nane za usiku.

Kwenye moduli, fundi anafunga vali ya kuingilia, anatoa presha kwenda nje, anapitisha naitrojeni dakika mbili tatu, anaweka kufuli na kibao cha onyo. Skrubu nne za pembe sita zinalegezwa, regyuleta inainuliwa wima. Sasa anatulia na kutazama chini yake, kwa sababu hapa ndipo makosa mengi hutokea: pete moja ya mpira, ile mafundi wanayoiita oringi, hubaki kwenye bao, na nyingine hung'ang'ania tumbo la kifaa kilichotolewa. Asipozihesabu, ataweka oringi mpya juu ya ya zamani, na kiungio chenye oringi mbili kitavuja hata akikaza mpaka skrubu zilie. Anazihesabu, anafuta viti kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, anaweka mpya zikiwa kavu, bila grisi wala vaselini, kwa maana mafuta hayo yataonekana kwenye kipimo kwa siku kadhaa. Anateremsha kifaa kipya mshale ukielekea unakotakiwa, anakaza skrubu kwa kuvuka pembe: kwanza kwa vidole, kisha nusu ya nguvu, kisha kipimo kamili alichotaja mtengenezaji, kwa spana yenye kuonyesha nguvu. Kazi ya dakika 20, na ya kwanza huchukua saa nzima kwa kuwa mkono haujazoea.

Kuhusu viungio kupungua, hebu tuhesabu. Paneli yenye vifaa tisa ina ncha 18 za bomba. Vifaa tisa hivyohivyo juu ya mabao vina oringi 18 au zaidi, kisha ongeza zile zilizo kati ya bao na bao. Sehemu zinazoweza kuvuja hazikupungua, pengine zimeongezeka. Kilichobadilika ni kwamba kila sehemu sasa ni ya aina moja, inafungwa kwa njia moja, na kufunguliwa kwake hakugusi jirani. Kwa mtu wa matengenezo hiyo ni tofauti kubwa, na haihitaji kupambwa kwa hesabu isiyo ya kweli.

Kasi nayo inahitaji kalamu na karatasi. Bomba la robo inchi lenye ukuta wa inchi 0.035 lina kipenyo cha ndani cha milimita 4.57, na kila mita yake inabeba mililita 16.4. Tuchukue kiwanda cha soda kinachopima ubora wa dioksidi ya kaboni, laini ikiwa na presha ya bar 7 kwenye geji (yaani juu ya presha ya hewa ya nje), na analaiza ikiwa mita 60 mbali kwenye kibanda chake. Bomba hilo lina ujazo wa mililita 985. Lakini gesi iliyomo imeshindiliwa: bar 7 za geji pamoja na 0.83 za hewa ya Nairobi ni karibu bar 7.8, kwa hiyo ndani mna kama lita 7.6 za gesi ikihesabiwa kwa presha ya kawaida. Ukivuta lita moja kwa dakika, gesi inayotoka kwenye laini sasa itaifikia analaiza baada ya dakika saba na nusu. Lori lililoleta gesi hiyo huenda limeshaondoka.

Weka regyuleta pale penye kuchotea, uiteremshe hadi bar 1 ya geji. Bomba lilelile sasa lina lita 1.8 tu, na kuchelewa kunakuwa chini ya dakika mbili. Ongeza njia ya kupita haraka inayovuta lita 5 kwa dakika na kurudisha ziada, analaiza ikichota kidogo tu mwishoni: sekunde 21.

Paneli yenyewe? Mita tatu za bomba ndani ya kabati ni mililita 49, sawa na sekunde 5 kwa lita moja kwa dakika. Kichujio chenye kikombe cha mililita 100 ndicho kibaya zaidi, kwa sababu gesi mpya huchanganyika na ya zamani ndani ya kikombe. Inahitajika ujazo mara tatu hivi kukisafisha kwa asilimia 95, na hiyo ni zaidi ya nusu dakika. Basi kuhamia moduli, zikiwa na kichujio kidogo, kunaokoa kama sekunde 35. Regyuleta iliyosogezwa hadi kwenye laini inaokoa karibu dakika sita. Anayetaka kasi aanze huko, kwa fedha ndogo zaidi, hata kama paneli ya moduli hatainunua kamwe.

(Na ziada ile ya lita 5 kwa dakika ipelekwe nje, au irudishwe kwenye laini yenye presha ndogo. Kibanda chenye mita za ujazo 30, milango imefungwa, hufikisha asilimia 0.5 ya dioksidi ya kaboni kwa nusu saa tu. Hicho ndicho kikomo cha kawaida cha zamu ya saa nane, na gesi hiyo haina harufu ya kumwonya mtu.)

Penye kuchotea pana mambo mengine ambayo bao halitayatibu. Gesi ikichotwa kwenye ukuta wa chini wa bomba la kulala, inakuja na maji na kutu. Probu, kijibomba cha kuchotea, iingie kutoka juu au ubavuni, ncha yake ifike theluthi ya kati ya bomba, ikatwe kwa mshazari wa digrii 45, na uwazi wake uelekee kule gesi inakoenda ili vumbi lipite bila kuingia. Iwekwe mbali na kona na vali, mahali mchanganyiko umetulia. Ikiwa kinachochotwa ni gesi ya kupikia katika hali ya majimaji, ni lazima igeuzwe mvuke yote kwa pamoja kwenye kipasha joto. Presha ikishushwa kiholela kwenye vali, propeni hutangulia kuruka na buteni hubaki nyuma, na analaiza itaripoti mchanganyiko ambao haumo ndani ya tangi.

Kuna suala moja ambalo vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya viwanda vya pwani ya Texas au Rotterdam havina haja ya kulisisitiza, nasi tunalo kila siku. Nairobi iko juu. Industrial Area iko zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na hewa yake ina presha ya karibu milibari 835, wakati Mombasa ni kama 1,010. Analaiza ya oksijeni inayotumia sumaku hupima, kwa kweli, presha ya oksijeni pekee na si asilimia. Ikisawazishwa Mombasa, yaani kulinganishwa na gesi ya kipimo kinachojulikana, kisha ikapandishwa Nairobi bila kurekebishwa, hewa ya kawaida yenye asilimia 20.9 itasomeka kama 17.3. Analaiza nyingi za miale ya infraredi zina tabia hiyohiyo. Kusawazisha hapa hapa kunaondoa sehemu kubwa ya kosa, ila kuna mabaki: karibu na ikweta presha ya hewa hupanda na kushuka mara mbili kila siku kwa utaratibu, ikifika juu karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku, na kushuka alasiri karibu saa kumi na tena alfajiri. Mteremko wa mchana ni milibari 3 au 4, yaani karibu asilimia 0.4 ya usomaji. Fundi anayesawazisha kila asubuhi saa nne na kuona kosa dogo kila jioni hajakosea kazi, na kifaa hakijachoka. Dawa yake ni kidhibiti cha presha kamili (inayohesabiwa kutoka utupu, si kutoka hewa ya nje) kwenye njia ya kutokea, au kipimo cha hewa kinachosahihisha kwa hesabu.

Rotamita nazo, vile vipimo vya mtiririko vyenye kielea ndani ya kioo, hudanganya kimyakimya. Kioo chake kimechorwa kwa hewa ya usawa wa bahari. Ikisoma lita 1.0 hapa, na njia ya kutokea iko wazi, kinachopita ni kama lita 0.91 kwa hesabu ya kawaida. Ukipitisha dioksidi ya kaboni, ambayo ni nzito, inabaki kama 0.74. Wanaohesabu muda wa kuchelewa kwa nambari ya kioo wanajipa robo ya ziada ambayo hawana. Vipoza gesi pia: kikiwekwa nyuzi 5 Mombasa, maji yanayobaki kwenye gesi ni asilimia 0.86, Nairobi kwa nyuzi zilezile ni asilimia 1.04, kwa kuwa maji ni yaleyale na gesi inayoyabeba ni chache zaidi.

Hapa ndipo moduli inapokuja na faida nyingine ya kweli. Aliyeagiza mfumo bila kidhibiti cha presha ya kutokea anaweza kukiongeza mwaka ujao, akikuta nafasi. Basi nafasi iwepo. Kwenye kila mfumo ziachwe sehemu mbili tupu, zimefunikwa kwa vizibo, moja kabla ya analaiza na moja baada yake. Anayebana nafasi ili kabati liwe dogo zaidi amejifungia mlango.

Tuje kwenye oringi, maana mfumo wote umekalia mpira. Ile ya FKM, inayokuja kwa kawaida, inavumilia mafuta, petroli na vimumunyisho vingi, lakini asetoni na ndugu zake huivimbisha, amonia na amini huifanya ngumu hadi ipasuke, na mvuke wa moto huila. EPDM ni kinyume: inaipenda amonia, mvuke na asetoni, na inaharibiwa na mafuta ya petroli. Kiwanda cha rangi chenye vimumunyisho mchanganyiko kinaweza kukosa zote mbili na kulazimika kununua FFKM, ambayo inavumilia karibu kila kitu na bei yake ni mara nyingi ya hizo nyingine. Ubaya ni kwamba kwa macho mara nyingi zote ni nyeusi na duara. Zikichanganywa kwenye kopo moja stoo, hakuna atakayezitofautisha. Kila aina ikae kwenye mfuko wake wenye jina na tarehe, mbali na jua, na kwenye mlango wa kabati paandikwe aina inayotumika ndani. Kibandiko hicho ni bei ya kikombe cha chai, na kukosekana kwake kunaweza kusimamisha laini.

Kuna kazi ambazo mpira hauzifai hata uwe wa aina gani. Ukipima oksijeni kwa sehemu chache kwa milioni, oksijeni ya nje hupenya ndani ya mpira wenyewe hata kama ndani kuna presha kubwa kuliko nje. Inasukumwa na tofauti ya oksijeni kwa oksijeni, na presha ya jumla haiizuii. Nje ina milibari 175 za oksijeni, ndani karibu sifuri. Mwongozo wa ISBT, chama cha kimataifa cha wataalamu wa vinywaji, unaotumiwa na watengenezaji unaruhusu sehemu 30 za oksijeni kwa milioni kwenye dioksidi ya kaboni na sehemu 20 za maji. Kwa viwango hivyo oringi nyingi na mtiririko mdogo huongeza kipimo, na mtu atailaumu gesi iliyo safi. Kwa kazi hiyo dai mihuri ya chuma, au bakia na bomba lililochomelewa, na uongeze mtiririko.

Gesi chafu na majimaji mazito pia yasikaribie. Njia za ndani ya bao zina upana wa milimita chache na zinapinda kila baada ya milimita 38. Gesi ya tanuri la saruji la Athi River, yenye vumbi na chumvi za alkali na klorini, ikiingia humo bila kusafishwa itaziba bao siku ya kwanza. Probu yenye joto, kichujio kikubwa na kusafisha kwa kupuliza hewa kinyume hubaki vilevile kama zamani. Moduli zianze baada ya kipoza. Kwenye kutengeneza asidi ya sulfuri, ukungu wa asidi lazima uondolewe kwanza, na sehemu yoyote iliyo na joto chini ya kiwango ambacho mvuke wa asidi hugeuka matone itatoboka. Chuma cha 316 hakihimili matone hayo. Sharubati ya sukari na resini za rangi, sahau.

Tofauti na vumbi, maji yanaweza kuzuiwa kwa joto, na hapo bao lina nguvu kuliko bomba: linafungwa juu ya sahani ya chuma yenye hita, lote likapata joto sawa. Kwenye paneli ya mabomba waya wa joto huzungushwa kila kona, na pale paliposahauliwa sentimita 10 ndipo maji yanaposhuka. Asubuhi za Julai, Nairobi inaposhuka hadi nyuzi 10 au 12, sentimita hizo hujitokeza.

Jaribio la uvujaji wengi hulifanya kwa povu la sabuni. Povu linafaa kutafuta tundu ulilokwisha kujua lipo. Kwa kuthibitisha, jaza naitrojeni bar 6 za geji, funga pande zote, subiri dakika 10 joto litulie, kisha soma presha kwa dakika 15. Ujazo wa moduli ni mdogo, tuseme mililita 30, kwa hiyo jaribio ni kali sana: uvujaji wa mililita 0.1 kwa dakika utashusha presha milibari 50 kwa muda huo. Geji ya mshale haiwezi kuonyesha hilo. Tumia geji ya dijitali inayosoma milibari. Lakini ukali huo una upande wake wa pili. Gesi ikipata joto au baridi kwa nyuzi moja tu, presha hubadilika milibari 23. Kabati lililopigwa na jua la saa tatu asubuhi baada ya usiku wa baridi linaweza kuficha tundu la kweli, presha ikipanda kwa joto huku gesi ikitoroka. Fanya jaribio kivulini, zima hita, andika joto la bao mwanzo na mwisho.

Wapo wanaosukuma hatua inayofuata ya NeSSI: vitambuzi vya presha na mtiririko juu ya bao, vikizungumza kwa waya mmoja na kompyuta ndogo inayoendesha mfumo wote. Inafaa, na siku itafika. Kwa sasa, kiwanda ambacho hakijaweza kuweka orodha ya oringi zake hakina sababu ya kununua waya huo. Kitambuzi kimoja tu ningekitetea kuanzia siku ya kwanza: cha mtiririko wa kuingia kwenye analaiza, kikipiga kengele kwenye chumba cha udhibiti ukishuka chini ya kiwango. Nambari ya analaiza isiyo na mtiririko hutulia, hunyooka, na hupendeza kuitazama. Ndiyo hatari yake.

Namna ya kuanza? Analaiza moja, yenye gesi safi na kavu, ambayo paneli yake imeshachosha mafundi. Miezi sita andika kila mguso: nini kiliguswa, kwa nini, dakika ngapi. Spea ziingie stoo siku moja na mfumo, si baadaye: regyuleta moja, vali mbili za kufunga na kufungua, moja ya sindano, moja ya kuzuia kurudi nyuma, vichujio vya ndani dazeni moja, oringi 50 za kila aina, na skrubu za ziada, maana huanguka na kupotelea chini ya sakafu ya wavu. Kifaa kinachoagizwa ng'ambo kinaweza kuchukua wiki nyingi hadi kipite bandarini. Stendadi ya milimita 38.1 haisaidii kitu ikiwa kipande kiko melini. Spea hizo zikishatosha analaiza ya kwanza, zitatosha ya pili na ya tatu karibu zilivyo, na hapo ndipo gharama ya juu ya mabao inapoanza kurudi. Kiwanda chenye analaiza moja tu, kisicho na mpango wa kuongeza, kibaki na mabomba yake na kirekebishe penye kuchotea.

Mchoro wa njia za gesi uwekwe ndani ya mlango wa kabati, umefunikwa plastiki, kwa sababu bao halionekani ndani. Bomba mtu hulifuata kwa kidole. Gesi ndani ya chuma haifuatiki. Bila mchoro, fundi wa zamu ya usiku hawezi kujua vali ya tatu inafunga gesi ya kusawazisha au sampuli.

Na kwenye tenda liandikwe sharti moja juu ya yale ya kawaida. Sehemu ya mwisho ya malipo itolewe baada ya jaribio hili: mtaalamu wa muuzaji asimame kando, mikono mfukoni. Fundi wa kiwanda afunge sampuli, atoe regyuleta, aweke ya stoo, apime uvujaji kwa dakika 15, apitishe gesi ya kusawazisha kuanzia kwenye probu hadi kwenye skrini, na arudishe kipimo ndani ya asilimia 2 ya kile kilichokuwepo. Saa moja na nusu inatosha. Akishindwa, mafunzo yarudiwe na jaribio lirudiwe, kwa gharama ya muuzaji, kabla ya hundi kuandikwa.